Sauti ya Mama Darasani

Vishikwambi vilipoletwa shuleni, mwalimu mkuu alivifungia kabatini kwa kuogopa visije vikachafuka, mpaka mwalimu wa darasa la kwanza akamganda kama kupe. Darasa lake lilifurika, na koo lilikuwa limechoka kusoma hadithi zile zile. Alipopewa, hakuridhika na hadithi zilizokuja navyo, zilizosomwa na mtu mwenye sauti ya tangazo la redio. Akawaita wazazi, kila mmoja asome hadithi moja arekodiwe, watoto wasikilize huku wakifuata maandishi kwa kidole. Wazo hilo lilitoka kichwani mwake mwenyewe, na alijivunia kweli kweli.

Mama yake Sisimizi alisoma hadithi ya paka aliyekataa kuoga. Sisimizi ndilo jina binti yule alilopewa na wenzake, maana alikuwa mdogo kupindukia na hakosi kubeba kitu mkononi. Mama alikosea katikati, akacheka, akasema, "Ngoja nirudie hapo," kisha akaendelea. Mwalimu alipanga kukikata kile kicheko, lakini kazi zilimzidi, kikabaki. Miezi michache baadaye mama akaugua, akalazwa, na hakurudi nyumbani.

Sisimizi aliporudi shuleni baada ya msiba, hakusema na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kishikwambi, akavaa hedifoni, akafungua hadithi ya paka. Mwalimu alimwona akitabasamu pale pale mama anapocheka, roho ikamtulia. Akawatambia walimu wenzake kwamba chombo kile kimeweza kilichowashinda wote. Kila mapumziko, wenzake wakikimbilia uwanjani, Sisimizi alibaki na paka wake, na mwalimu aliurudisha mlango taratibu asimsumbue.

Hata siku moja akaja baba mtu, fundi rangi, na suruali yake ya kazi, kucha zimegandiwa rangi nyeupe. Mwalimu alimbembeleza mtoto akacheze nje kidogo. Baba aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani, akaanza kueleza akitazama sakafu. Binti yake anaamka gizani na kuvaa sare, hata Jumapili. Kulia halii. Kaburini amekataa kwenda, anasema mama hayuko kule, yuko shule. Baba amembembeleza, bibi yake mzaa mama amemkalisha chini akamweleza yote, wapi.

"Mwalimu, naomba uifute," alisema. "Mimi nimeshazika. Yeye kila siku unamfufulia."

Mwalimu alikitazama kishikwambi. Kwenye semina ya walimu waliambiwa kwamba uzuri wa chombo ni kuwa hakichoki kurudia, naye aliliamini neno hilo moja kwa moja. Mama aliye hai akiombwa hadithi kwa mara ya tano husema basi, sasa lala, na mtoto akalala. Yeye alikuwa amemweka mama wa watu mahali ambapo hawezi kusema basi. Nia njema yote ile, ndiyo imeishia hapa? Lakini kufuta nako kulimtisha. Kidole chake ndicho kingemwondoa mama yule mara ya pili, na safari hii mtoto angejua ni nani wa kumlaumu.

"Isikilize kwanza, baba," alisema. "Ikiisha, sema neno moja tu, nitaifuta."

Akamvalisha hedifoni. Mwalimu hakusikia kitu, ila aliyafuata maneno kwenye kioo, na yalipofika pale pa kukosea aliona mabega ya yule baba yakitetemeka. Mwanamume aliyejikaza kisabuni tangu mazishini, akapokea rambirambi zote bila kudondosha chozi, sasa alilia mpaka kamasi zikamtoka. Hadithi ikaisha. Mwalimu akangoja lile neno. Halikuja. Badala yake baba alianza kugusa kioo huku na huku, vidole vya rangi vikitafuta pa kubonyeza visipaone. Mwalimu alipajua, ila hakuthubutu kumwonyesha.

Mlango ukafunguka. Sisimizi aliingia na kokoto zake mkononi, akamtazama baba yake, akaitazama hedifoni kichwani pake, wala hakushangaa. Aliziweka kokoto mezani, akasogea mpaka begani kwa baba, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mwalimu akaisikia sauti ya mtoto yule.

"Usilie, baba," alisema. "Bonyeza hapa. Mama anaanza tena."