Bahasha Iliyoshonwa

Kila asubuhi, kabla mlango wa duka la dawa haujafunguliwa, mtoa dawa alimwaga vidonge kwenye sinia la plastiki na kuvihesabu kwa kisu butu, tano tano, mpaka vitimie thelathini. Kisha alivitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake: kimoja, asubuhi. Jina la dawa hakuliandika. Hiyo ilikuwa amri ya mwenye duka, ambaye wateja walimwita Daktari, na ambaye hakuwahi kusomea udaktari wala kuwasahihisha. Mteja akishajua jina la dawa, Daktari alisema, kesho atakwenda kuiulizia kwa jirani. Bahasha za presha zilikaa droo ya kushoto, za sukari droo ya kulia. Vidonge vyenyewe vilifanana, vyeupe, vya duara, vyenye mstari katikati, ila vile vya sukari vilikuwa na ukingo mkali kidogo ambao mtoa dawa aliujua kwa ncha ya kidole.

Jumamosi mende walizidi. Mtoa dawa alizitoa droo zote mbili, akapulizia dawa ya wadudu, akapangusa, akazirudisha. Alizirudisha kinyume. Siku ilikuwa ndefu, miguu ilikuwa inamwaka moto, na alitaka kwenda nyumbani.

Jumanne saa nne asubuhi, watu saba wakiwa kwenye foleni, vidonge kumi na kimoja viliingia kupitia chini ya mlango. Vilikuja vimesimama kwa ukingo, vikibingirika kimoja nyuma ya kingine, vimejaa vumbi la barabarani. Watu waliinua miguu kuvipisha. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alilalamika kwamba vimeruka foleni.

"Viache vipite," alisema mzee aliyekuwa mbele yake. "Vyenyewe haviulizi maswali kama wewe."

Vilikwea mguu wa kaunta, vikajipanga kwenye sinia tano tano, na kimoja kikabaki pembeni.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka juzi chupa ya dawa ya kikohozi ilirudi yenyewe, kizibo kimefungwa vizuri, na kabla ya hapo dawa ya macho ilikaa mlangoni siku mbili mpaka mtu akaikanyaga. Ukutani Daktari alikuwa amebandika tangazo kwamba dawa ikishauzwa hairudishwi, lakini tangazo lilikuwa linawatazama wateja tu.

Mtoa dawa alikipapasa kimoja. Ukingo ulikuwa mkali. Alivuta droo ya kushoto, akapapasa, akavuta ya kulia, akapapasa, akazibadilisha nafasi, akahesabu bahasha. Jumamosi alikuwa ameacha bahasha kumi na mbili za sukari. Sasa zilikuwa kumi na moja. Upande wa pili hapakupungua kitu, kwa sababu wagonjwa wa sukari walikuwa na kawaida ya kuja mwisho wa mwezi. Basi ni mtu mmoja tu aliyekuja kutafuta dawa ya presha akaondoka na dawa ya kushusha sukari. Lakini Jumatatu ilikuwa na foleni mpaka barabarani, na mtoa dawa alikuwa amehudumia mikono, si nyuso.

"Bosi," alimwambia Daktari, "kuna mtu anameza dawa siyo yake."

Daktari alivitazama vidonge vile, akavipuliza vumbi, akavirudisha kwenye kopo.

"Mbona vimerudi? Kama vimerudi, havimezwi."

"Vimerudi kumi na kimoja. Vilikuwa thelathini."

"Vingine viko njiani. Dada, sikiliza. Ukitoka hapo nje ukaanza kuuliza watu nani kala nini, umenifungia duka. Na aliyetoa bahasha ni nani? Mimi? Atakayekiri ndiye atakayelala ndani."

Mtoa dawa alirudi kwenye kaunta. Siku nzima alikuwa akitupia jicho chini ya mlango. Alihesabu kila bahasha mara mbili, wateja wakanung'unika, akahesabu mara ya tatu. Nyumbani alikaa, akasimama, akakaa, mpaka mumewe akamuuliza kama kiti kina kunguni.

Jumatano kilifika kidonge kimoja tu, saa nane mchana, kimechoka, kinakwenda upande upande. Kilikuwa kimezungushiwa uzi wa kaki. Mtoa dawa aliufungua ule uzi taratibu. Mtaani palikuwa na fundi cherehani mmoja tu aliyeshona sare za shule, na sare zilikuwa za kaki. Hapo uso wake ukamjia: mwanamke wa makamo, futi ya kupimia shingoni, aliyesema Jumatatu, asante mwanangu, Mungu akuzidishie.

Siku hiyo Daktari aliweka kiti chake mlangoni na hakukiondoa. Alhamisi alikwenda kula, na mtoa dawa akavua koti jeupe, akatia mfukoni bahasha ya dawa sahihi, akatoka karibu mbio.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, shati limemlowa jasho mgongoni. Kwenye kamba nyuma yake zilining'inia sare. Moja ilikuwa na mkono ulioshonwa shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja mwenyewe. Dawa zenu safari hii zina kiherehere gani? Jumatatu jioni nimekuta kundi zima liko dirishani, linashuka. Nikasema ala! Foleni yote ile nimesimama kwa ajili ya nani? Zilizobaki nikazidaka, bahasha nikaipitisha kwenye cherehani. Kimoja bado kilinichoropoka na uzi wake."

Alimwonyesha. Bahasha ilikuwa imeshonwa pande zote kwa uzi wa kaki, mishono miwili, na ndani yake vidonge vilikuwa vinagongagonga karatasi.

"Sasa unamezaje?"

"Nafumua kidogo, natoa, nashona tena. Jumatatu nilimeza kimoja, mikono ikaanza kutetemeka, jasho hilo. Nikajua presha imepanda. Tangu juzi nameza viwili."

Mtoa dawa alipiga hesabu. Saba. Alikwenda jikoni bila kuomba ruhusa, akachemsha chai, akatia vijiko vitano vya sukari, akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Baada ya muda mikono ya fundi ilitulia.

"Kumbe njaa tu," fundi alisema akicheka. "Na mimi nikikaa kwenye kazi nasahau kula."

Maneno yalikuwa yamefika kooni: nimekosea, nimekupa dawa ya sukari, hii haitoki mwilini leo wala kesho, inuka twende hospitali sasa hivi. Yalikuwa mafupi na yote yalikuwa ya kweli. Mtoa dawa alifungua mdomo.

"Kiwanda kimebadilisha, mama," alisema. "Hizi ndizo mpya. Lakini pitia hospitali wakuangalie."

"Nitapita Jumatatu. Jumatatu shule zinafunguliwa, nadaiwa sare arobaini. Nikishamaliza, nina shughuli gani tena?"

Mtoa dawa alichukua bahasha iliyoshonwa, ndani ikiwa na vidonge kumi na kimoja, akarudi kazini. Alijichukia njia nzima. Jioni, duka lilipofungwa, alipita tena kwa fundi. Mlango ulikuwa umerudishwa na cherehani ilisikika ndani, inakwenda bila kupumzika. Aliinua mkono abishe hodi, akasikiliza ile cherehani, akaona kwamba mtu anayeshona hivyo ni mzima. Akaenda zake.

Ijumaa asubuhi binti wa fundi alimkuta mama yake amelaza kichwa kwenye kitambaa, amekufa tangu jioni. Cherehani ilikuwa bado inashona. Binti aliiacha imalize, kwa kuwa sare zilikuwa zimeahidiwa. Ilimaliza arobaini, mishono imenyooka, ikarekebisha na ule mkono wa shingoni. Kwenye foleni ya Jumamosi watu walisema ni presha. Mtoa dawa aliyasikia hayo akiwa amesimama na kisu mkononi, na akapoteza hesabu, akaanza upya kutoka moja.

Jumatatu, wakati watoto wanapita barabarani na sare mpya, vidonge saba viliingia chini ya mlango. Vilikuwa vidogo kuliko vilivyoondoka, vimelainika, mstari wa katikati umefutika, na vilikuwa na unyevu. Foleni iliinua miguu. Vilikwea kaunta, vitano vikapanga mstari wao, viwili vikakaa pembeni.

"Bosi," alisema mtoa dawa, "kuanzia leo naomba niandike majina ya dawa kwenye bahasha."

"Tulishaongea hilo."

"Yule mama amekufa."

"Nimesikia. Presha ni mbaya sana." Daktari alivuta sinia karibu. Alivifuta vile vidonge kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa uangalifu. "Vya kwanza vilikuja vingapi?"

"Kumi na kimoja. Kisha kimoja."

"Na ulivyokuja navyo kwenye bahasha?"

"Kumi na kimoja."

"Na hivi saba." Alivimimina ndani ya kopo la sukari, akalitikisa, akafunga kifuniko. "Thelathini. Umeona? Hakuna kilichopotea."

Mchana huohuo aliita seremala. Vidonge vilikuwa vinapata taabu kupita chini ya mlango, alisema, na wateja wanasumbuka kuinua miguu. Seremala alitoboa tundu dogo pembeni, la ukubwa wa sarafu, akalipiga msasa vizuri lisikwaruze. Mtoa dawa alimwaga vidonge kwenye sinia na kuanza kujaza bahasha za kesho. Alikuwa kwenye ya nne, ameandika kimoja, asubuhi, wakati kitu kidogo kilipoanza kugonga kwenye tundu, na mzee aliyekuwa mbele ya foleni akasogeza mguu bila kutazama chini.