Kibuyu Kilichotoweka Jumapili

Mimi Akeyo nina hasira za karibu, tena sheria naijua kidogo, na vitu hivyo viwili havifai kukaa kichwa kimoja. Miaka minane nimechapa hati za mashtaka mahakamani Bomet. Najua kwamba hata kusukuma mlango uliorudishiwa ni kuvunja. Ukiingia mchana kwa nia ya kutenda kosa, umevunja nyumba. Ukiingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, kosa hilo lina jina lingine na kifungo kirefu zaidi.

Basi Jumapili nikatoka kanisani, nikakuta komeo limeinuliwa na kibuyu changu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, hakipo jikoni. Runinga ipo, redio ipo. Mwizi gani huyu? Nilipandwa na mori, nikampigia simu Kimeli, askari wa kituo chetu.

Alipofika, jirani yangu Rodah, yule aliyenipa kibuyu hicho, alitoka kwake mwenyewe, mikono imejaa masizi.

"Ni mimi niliingia," akasema.

"Na mlango ulikuwa umefungwa?" nikauliza.

"Niliinua tu hiyo kitu."

"Hiyo ni kuvunja, Mama! Afande, andika."

Kimeli alitoa kalamu. Rodah alitazama pingu kiunoni mwa askari, machozi yakamlengalenga. Hapo nami nikaogopa nilichoanzisha.

"Uliingia kufanya nini?" Kimeli akamuuliza.

"Kuokoa kibuyu! Nilipita hapo kwa dirisha nikasikia harufu ya sabuni. Huyu msichana ameosha kibuyu na sabuni ya nguo! Maziwa gani itakubali kukaa hapo? Nimesugua na maji moto mara tatu, sasa naichoma ndani na kijiti ya senetwet, ule mti wa kufanya maziwa inukie na isiharibike."

Kimeli, Mkipsigis kama Rodah, alinikodolea macho kana kwamba mshtakiwa ni mimi. "Sabuni, madam?"

Kwetu ziwani, chombo kisichoguswa na sabuni ni kichafu. Sikuwa na utetezi mwingine. Aibu ilinishika, kisha kicheko.

"Nia ya kutenda kosa haikuwepo," nikamwambia Kimeli. "Nisamehe, Mama."

Rodah alipangusa macho, akajipaka masizi mashavuni. "Alhamisi nitaleta maziwa. Utakuwa kwa nyumba?"

"Nitakuwa kazini."

Akautazama mlango wangu, kisha akazitazama pingu za Kimeli.

"Ingia tu, Mama," nikasema, askari akisikia.