Shangazi Hataki Rangi za Kijani

Mama Vifungo alikuwa akijaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mara ya sita, ulimi nje kama kawaida yake, kengele ya kupimwa macho ilipolia. Miaka kumi na tisa ameshona vifungo vya mashati ya sare katika kiwanda kile, na hii mitatu ya mwisho alivishona kwa kidole gumba: anapapasa tundu, anapima kwa ukucha, anachoma. Sindano alitungiwa na jirani yake, fundi wa kola, kila asubuhi kabla msimamizi hajafika.

"Mstari unaukumbuka?" fundi wa kola alimnong'oneza kwenye foleni.

"Nitausahau vipi? Shangazi hataki rangi za kijani."

Wakacheka chinichini. Ubao wa macho kwenye chumba cha huduma ya kwanza haukuwahi kubadilishwa. Ukiusoma mstari wa tano, umefaulu. Ukikwama, unafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Basi zamani bibi mmoja wa kitengo cha pasi aliusogelea, akazichukua herufi zake tano, S, H, R, Z, K, akazitungia sentensi. Kila mfanyakazi mpya alifundishwa sentensi hiyo hata kabla ya kuonyeshwa choo. Kwenye karatasi, hakuna watu waliokuwa na macho makali kama wale.

Wapimaji wa zamani waliandika tu bila kugeuka kuutazama ubao. Mwaka huu mpimaji alikuwa mgeni, binti aliyeletwa kutoka hospitali na sanduku la vioo. Mama Vifungo alikaa, akaziba jicho, akazitiririsha herufi zote tano.

Mpimaji hakuandika. "Herufi ya tatu ni ipi, mama?"

"R."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona wewe, mwanangu."

Binti akaweka kalamu chini. "Wewe ni wa tisa leo, na fomu za wanane bado sijazijaza. Kukosea nakuelewa. Lakini watu tisa mkosee herufi moja, tena kwa namna moja? Ile ni B."

"B?" Udadisi ukaushinda woga. "Tangu lini?"

Binti alicheka, kisha akamvisha fremu nzito ya chuma, akawa anatumbukiza vioo kimoja kimoja. "Hivi, au hivi?" Kwenye kioo cha nne ile B ikajitokeza na matumbo yake mawili. Kumbe bibi wa pasi alikuwa haoni hata alipokuwa amesimama mbele ya ubao! Mama Vifungo aligeuza shingo huku na huku. Ukuta ulikuwa na nyufa. Vidole vyake vilikuwa na vidoa vya sindano. Kifungo cha aproni yake, alichokishona mwenyewe, kilikuwa kimekaa upande.

"Tulia nikuangalie ndani." Binti alimulika jicho la kulia, kisha la kushoto. Akarudia la kushoto, na hakucheka tena. "Hili nadhani lina presha, mama. Haliumi, ndiyo maana hujui. Hospitali watakupa matone ya kuizuia, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi. Ungepimwa kila mwaka, ingeonekana mapema."

"Nimepimwa kila mwaka."

"Hapana, mama. Umeimba kila mwaka."

Mama Vifungo alimkumbuka bibi wa pasi. Alifaulu mara kumi na moja, na sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Akaielekezea kidole karatasi ya binti.

"Kwenye fomu yako, anayehitaji miwani unamwandika wapi?"

Binti aliigeuza fomu ili aione. Visanduku viwili tu: Anafaa. Hafai.

"Na wakiwa hawafai wote?"

"Hilo halijawahi kutokea."

"Niandike Hafai."

Nje, fundi wa kola alimdaka. "Umepita?"

"Sijapita. Ile ya tatu ni B."

Mwenzake alipigwa na butwaa, lakini kwa dakika moja tu. "Si tubadilishe! Shangazi hataki... hataki bakuli za kijani!" Foleni nzima ikaanza kunong'ona bakuli, bakuli.

"Acheni," alisema Mama Vifungo. "Bibi wa pasi aliimba mpaka taa zikazimika. Ingieni mseme mnachokiona. Nikisema peke yangu, nimefukuzwa. Tukisema wote, mashati yatashonwa na nani?"

Msimamizi alitoa kichwa ofisini, akaita, "Anayefuata!"

Fundi wa kola aliingia, akauacha mlango wazi.

"Mstari wa tano, dada," ilisikika sauti ya binti.

Mama Vifungo alishika kifungo chake kilichokaa upande, akakizungusha.

"Hapo," alisema fundi wa kola, "naona ukungu tu."

Foleni ikasogea hatua moja.