Bwana wa Jerop

Jumamosi nzima sikutulia. Niliosha kitambaa changu cheupe cha kichwa, cha kina mama wa kanisa, nikakianika, nikakianua kikiwa bado kibichi, nikakianika tena. Kesho yake mtoto wa Jerop angebatizwa, na mdhamini wake nilikuwa mimi, mjane ambaye kitambaa kile ndicho heshima yake.

Hapo kambini kwetu, katika shamba la pareto upande wa Molo, watu walikuwa wamepata mchezo. Jerop akienda kuteka maji, jirani yetu Milcah anamwita kwa sauti: "Dada, bwana yako amefika? Ameacha sketi yake kwa kamba!"

Jerop hakugeuka. "Mzee wangu yuko nyumbani anakula. Wako yuko wapi tangu Krismasi?"

Wanawake walicheka mpaka debe la mtu likamwagika.

Mzee wake ni Chepchirchir, mama mkongwe aliyefiwa na bwana kabla ya kupata mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu alitoa ng'ombe akamwoa Jerop, ili nyumba isizimike. Tangu siku hiyo yeye ndiye bwana. Anasema "bibi yangu" bila aibu, na Jerop akizaa, baba ni yeye. Yule rafiki wa Jerop anayepita jioni hatumtaji jina. Tunasema tu "mgeni".

Lakini Hiram, mwalimu wa kanisa, alikuwa amesema wazi: mtoto bila baba kitabuni hapati maji, na ndoa ya kienyeji haiandikwi bila shahidi wa kanisa. Jerop akimtaja mgeni, mtoto ni wa mgeni, na nyumba ya Chepchirchir imekwisha.

Jumapili Hiram alifungua kitabu. "Baba ya mtoto ni nani?"

Jerop alimgeukia Chepchirchir.

"Ni mimi," Chepchirchir alisema, akasimama na fimbo yake.

Watu wakacheka. "Mama, keti," Hiram akasema. "Nimeuliza baba."

"Na mimi nimejibu."

"Basi nani hapa aliona hiyo ndoa?"

Walioiona walikuwa wengi, walikula na kushiba, lakini kanisa lilikataza sherehe zile, mama aliyehudhuria huvuliwa kitambaa, na kila mmoja alitazama miguu yake. Hata mimi. Miaka miwili nilikuwa nikisema siku ile niliumwa kichwa, sikwenda. Nilimwomba Mungu angoje kidogo, kisha nikaona mwenye kungojewa ni mimi.

"Niliiona," nikasema. "Majani ya ndoa waliyofungana mkononi niliyakata mimi."

Hiram alinitazama. "Mama Sally, unajua sheria ya kitambaa hicho."

"Najua, mwalimu."

Nikakifungua, nikakiweka mezani mbele yake. Pembeni kilikuwa bado na unyevu.

Akachovya kalamu, akaandika Chepchirchir polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito. Mtoto alipomwagiwa maji alipiga kelele za hasira.

"Sikieni," Chepchirchir akasema. "Sauti ya baba yake."

Milcah ndiye aliyecheka kwanza, ila safari hii akapiga makofi. Mimi nilikwenda kukaa benchi ya nyuma, kichwa wazi, baridi ikiniuma masikio.