Fundi Aliyeandikwa Ana Kazi

Karani wa ofisi ya takwimu alipiga hodi Jumanne asubuhi, akaikuta familia ya fundi mitambo ikimalizia chai ya rangi isiyo na kitafunwa. Fundi alikuwa na miezi kumi na minne nyumbani, tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa na mashine zake kuuzwa kama chuma chakavu. Karani alikuwa dada mpole, mwenye kishikwambi kilichopasuka kioo. Alipewa kigoda, akakaa, akaanza maswali yake.

"Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote, hata kwa saa moja?"

"Sina kazi, dada yangu."

"Siulizi kama unayo, kaka. Nauliza kama ulifanya."

Fundi akafikiri. Alhamisi alimtengenezea jirani cherehani, na jirani, kwa aibu ya kukosa cha kumpa, alimpa nusu kipande cha sabuni. Karani akabonyeza kioo.

"Basi una kazi."

"Ya sabuni?" aliuliza mke wa fundi, akiwa mlangoni na nguo mbichi mkononi.

"Fomu haina sabuni, mama. Ina ndiyo na hapana."

Wiki tatu baadaye redio ilitangaza kwamba wasio na kazi wamebaki wanne tu katika kila watu mia. Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, fundi akiwa bado kitandani, jasho lilianza kumtoka. Kufika saa nne viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi, na nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi. Alijaribu kulala, lakini miguu iliuma kama ya mtu aliyesimama, akaona heri asimame kweli. Saa kumi na moja jioni kila kitu kilikoma. Akaketi sakafuni, hajiwezi.

Mke alimshika mikono, akainusa.

"Grisi hii ni ya kiwandani."

"Ni ya mashine zile zile," fundi alisema. "Nazisikia kwenye magoti."

Mke alikwenda kuazima mafuta ya taa ya kumsafishia, akamwonya asiguse shuka.

Hakuwa peke yake. Mwashi wa nyumba ya pili, ambaye hakuwa ameshika mwiko tangu mwaka juzi, alikuwa akishinda kwenye kizingiti huku saruji ikimkaukia kwenye kucha. Mwalimu aliyepunguzwa kazini alikohoa vumbi la chaki hadi sauti ikamkauka. Mtaa ulizoea. Jioni foleni ya bombani ilikuwa ndefu kuliko zamani, maana watu wote walihitaji kuoga.

Mwezi uliisha na mshahara haukuja. Mke aliusubiri siku mbili, ya tatu akaacha. Siku hiyo hiyo binti yao wa darasa la nne alirudi na barua: jina lake limeondolewa kwenye uji wa shuleni, kwa kuwa baba yake ameajiriwa. Mke aliisoma barua mara moja, akaikunja, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Ndipo fundi aliposikia kwamba kiwanda cha mafuta ya kupikia kinatafuta mafundi wawili. Alifika getini mapema, amevaa shati lake la pekee lisilo na doa. Mbele yake kulikuwa na watu sitini. Saa moja jasho likaanza. Alijikaza kisabuni, akaficha mikono mifukoni, lakini msimamizi alipomfikia, grisi ilikuwa imepenya hadi nje ya suruali.

"Unatoka zamu wewe?"

"Sina kazi, mkuu. Nakuapia."

"Hebu toa mikono."

Akaitoa. Msimamizi aliitazama bila hasira.

"Una kazi na bado unataka nyingine. Waachie wenzako wenye shida, bwana."

Fundi alifungua mdomo ajieleze, na wakati huo huo kidole chake cha shahada cha kushoto kikakatika kwenye pingili ya pili. Gia iliyokikata ilikuwa imeyeyushwa zamani. Watu kwenye foleni wakasogea damu isiwarukie. Msimamizi alimpa kitambaa.

"Mwambie mwajiri wako akupeleke hospitali," alisema, akaita anayefuata.

Fundi alitembea moja kwa moja hadi ofisi ya takwimu. Alimkuta karani yule yule.

"Nifute, dada. Nakuomba."

"Kufuta sina uwezo. Naweza kukuuliza upya." Akafungua ukurasa. "Wiki hii umetafuta kazi?"

"Leo nimejaribu, unaona kilichonipata. Sitafuti tena."

Karani aliondoa kidole kwenye kioo haraka.

"Usiseme hivyo. Ukitafuta na grisi hiyo mikononi, unabaki mwenye kazi. Ukisema hutafuti, utatoka kwa wenye kazi, na kwa wasio na kazi huingii, maana hao ni wanaotafuta. Utakuwa nje ya hesabu."

"Nje ya hesabu ndiyo wapi?"

Karani alimwonyesha benchi la ukutani. Makoti manne na gauni moja vilikuwa vimeketi wima bila mtu ndani, na chini yake jozi tano za viatu. Koti moja lilikohoa. Gauni likajisogeza kidogo kumpisha.

Fundi aliwasalimu. Hakusikia jibu, ila alihisi amejibiwa. Akafikiria binti yake akirudi kutoka shuleni na kukuta shati.

"Basi niache nilipo," alisema. "Na kidole?"

"Ajali kazini inaripotiwa na mwajiri." Karani alishusha sauti. "Kidole hakisogezi asilimia, kaka. Mwezi jana nilipeleka mguu wa mtu. Haukusogeza."

Nyumbani mke alimfunga kidonda kwa kipande cha kanga.

"Ungewaambia wakuandike mlinzi," alisema. "Walau ungekaa."

Fundi alicheka, kicheko cha kwanza tangu kiwanda kifungwe, na kikamgeukia kilio. Mke alimwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe.

Kesho yake alimwamsha saa kumi na mbili na nusu, asianze akiwa amelala. Alimtolea kigoda uani, akamshikilia begani mpaka saa moja ilipogonga na bega likalowa.

"Kazi njema, mume wangu," alisema.

"Asante," fundi alijibu, na kuanzia hapo hakuweza kuzungumza, kwa kelele za mashine.