Diski Iliyokaa Mbele

Njambi, fundi wa kompyuta, alikuwa amekasirika sana, na aliyemkasirisha alikuwa amesimama mbele yake akikoroga chai.

"Si ni wewe umefuta?" aliuliza Hezekiah, meneja wa kliniki. "Basi sign hii barua useme ni wewe."

Ndiyo, ni yeye aliyefuta. Picha za skani za wagonjwa wa kliniki hii ya Upper Hill, tangu 2004 hadi mwaka huu wa 2007, zilikuwa kwenye diski moja ambayo kompyuta iliiita sda. Hapakuwa na nakala nyingine. Asubuhi hiyo Njambi alikuja kuandaa diski mpya ya kuwekea nakala. Diski ya pili huitwa sdb, basi akaamuru sdb ifutwe, akaiacha ifutike saa nzima. Hakujua kwamba Jumamosi Hezekiah aliifungua mashine mwenyewe, akachomeka diski mpya kwenye nafasi ya kwanza na kuihamishia ile kuukuu kwenye ya pili.

"Kitu mpya inakaa mbele," alisema Hezekiah, bila haya hata chembe. "Mimi ningejua aje?"

Ungeuliza, mjinga wewe! Njambi aliyameza maneno hayo. Kwao Kinoo, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na hata akipotelea mjini miaka kumi, jina hilo halimwendei mdogo wake aliyetangulia kufika mezani. Mashine haina heshima hiyo. Diski inayokutwa ya kwanza ikiwashwa ndiyo sda, iliyobaki itajijua. Dawa ilikuwepo: kila diski iandikiwe ndani jina lake yenyewe, iitwe hilo popote itakapochomekwa. Njambi aliomba ruhusa tangu Machi. Hezekiah alimwambia aache kuchokora kitu inafanya kazi.

Lakini hata Njambi mwenyewe! Amri moja fupi ingemwonyesha ipi ina picha na ipi ni tupu, na hakuiandika. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia Hezekiah.

"Mama Ivyne ako hapo nje," Hezekiah alisema. "Mwambie system iko down, arudi Friday."

Njambi aliiacha barua mezani bila kuitia sahihi, akatoka. Caren alikuwa amempakata bintiye Ivyne, kichwa cha mtoto kimefungwa kitambaa, bahasha ya picha iliyopigwa leo iko kando yake.

"Mama Ivyne, picha ya mwaka jana haipo. Imefutika na hairudi. Ni mimi nilifuta."

Sauti ya Caren ilipanda hadi watu wa foleni wakageuka.

"Daktari alisema analinganisha! Uvimbe ikiwa imepungua, tunaendelea na dawa. Ikiwa haijapungua, wanapasua mtoto kichwa Thursday." Aliichomoa ile picha ya leo akamsukumia Njambi kifuani. "Haya, niambie wewe. Imepungua?"