Mikono ya Daktari Azraq

Kwa miaka kumi na minane, kazi yangu ilikuwa kumpaka Ustadhi Wagdi Sabbagh wazimu usoni. Asubuhi aliingia chumba changu cha vipodozi mzee mpole anayenukia sabuni na kahawa. Baada ya saa mbili alitoka nywele zimesimama, macho yameingia ndani, nyusi kama brashi za viatu. Katika filamu zake aliwahi kufufua maiti za Luxor, kuiba sauti ya mwimbaji na kuitia kwenye chupa, na kumgeuza mchumba wa watu kuwa mbuni. Watoto wa Kairo wakimwona kwa muuza jibini walijificha nyuma ya mama zao, halafu wakamwomba acheke kile kicheko chake. Aliwachekea. Hakuna aliyejivunia kuogopwa kama yeye.

Mwaka tulipopiga filamu ya Daktari Azraq, kichaa anayeishi pangoni kwenye mlima wa Muqattam, mwongozaji wetu Ustadhi Fikri Tadros alitaka maabara ya kweli. Akamleta Bi Inshirah, mwalimu wa kemia wa shule moja ya wasichana huko Shubra. Mwanamke mfupi, viatu bapa, mkoba mweusi mkubwa kwapani. Alizunguka meza yetu ya maabara, akainua chupa, akainusa.

"Hii nini?"

"Chai ya maua, karkade," akajibu mtu wa vifaa.

"Na hii?"

"Karkade ya jana."

"Filamu yenu ina rangi?"

"Haina."

"Basi nyekundu na kijani zote zitatoka kijivu. Mnajisumbua bure."

Akafungua mkoba, akatoa vitu vyake, akapima kwa muda mrefu bila kusema na mtu. Mwishoni palikuwa na gilasi mbili za kitu cheupe kama maji. Akamimina moja ndani ya nyingine. Hakuna kilichotokea. Fundi wa taa akaanza kukohoa kwa dhihaka, na hapo hapo gilasi nzima ikageuka nyeusi kama wino, kwa mpigo mmoja. Fundi yule yule, juu ya ngazi yake, akasema bismillahi na kushika ngazi kwa mikono miwili.

"Sekunde kumi na moja," Bi Inshirah akasema. Akarudia. Kumi na moja tena.

Kisha akaomba asome ukurasa wa siku hiyo. "Hapa mmeandika anachanganya dawa huku anacheka."

"Ni kichaa, mwalimu," Fikri akasema.

"Awe kichaa, sina neno. Lakini vipimo vyake viwe sawa. Kichaa asiyepima haangamizi hata mtaa, anaunguza ndevu zake tu. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, sijaona mtu anacheka akipima."

Wagdi aligeuka kitini kwake. "Dada yangu, mimi nimekuwa mwendawazimu tangu wewe unasukwa nywele na mama yako. Usinifundishe kazi."

"Wazimu sikufundishi, Ustadhi, huo unaujua. Nakufundisha kumimina."

Watu wote walicheka isipokuwa Wagdi.

Tukaanza kupiga picha. Mara ya kwanza alimwaga nusu mezani. Mara ya pili kioo kiligonga kioo, ti-ti-ti-ti, tukasikia wote. Ya tatu gilasi ilivunjika. Akalaumu taa, akalaumu mikono ya koti, akasema mwalimu anamkodolea macho. Mimi nikainamia sponji yangu, kwa sababu mimi nilijua. Ilikuwa mwaka wa pili mikono yake inatetemeka. Chai alikuja kuinywea chumbani kwangu, ameshika kikombe kwa mikono miwili, ili wengine wasione. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Studio ilikuwa na kijana mwingine anayesubiri zile nyusi, na Wagdi bila wazimu wake hakuwa na pa kwenda.

Gilasi ya nne ilipovunjika, Fikri alizima sigara kwa kisigino. "Ustadhi, leo una nini?"

Macho yote yakashuka kwenye mikono ya mzee. Yeye akaificha nyuma ya koti.

"Simamisheni," Bi Inshirah akasema. "Kosa langu. Dawa hii ina tindikali. Siwezi kumruhusu mtu asiye mkemia aimimine karibu na taa za moto. Ikimrukia machoni, nitaulizwa mimi."

"Mbona asubuhi hukusema?"

"Nimesema sasa. Mikono itakuwa yangu, uso wake. Piga kila kimoja peke yake, uunganishe. Si ndiyo kazi yenu?"

Fikri akaitazama mikono ya mwalimu. "Hii ni mikono ya mwanamke."

"Na Bahiga wa vipodozi yupo kwa ajili gani?"

Nilimchukua chumbani. Nikabandika nywele mojamoja kwenye vidole vyake, nikachora mishipa, nikapaka kucha manjano. Tulipokuwa peke yetu nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeona?"

"Tangu aliposhika gilasi ya kwanza. Kutazama mikono ya watu juu ya vioo ndiyo kazi yangu, Bahiga." "Yule anajua kazi yake. Sikuona sababu ya kumtazama akiaibishwa." Kisha akainua mikono yake kwenye taa. "Mungu wangu, nimekuwa mjomba wangu wa Tanta."

Walipokuwa tayari kupiga uso, Wagdi alimsogelea mwalimu. Nilidhani atamshukuru, au atamtukana. Akauliza, "Unahesabuje?"

"Moyoni. Mdomo umefungwa. Usipepese macho mpaka kumi na moja."

Bi Inshirah akamimina pembeni ya kamera, na Wagdi akaitazama ile gilasi. Hakucheka. Nilijua kila mkunjo wa uso ule, mingine niliichora mwenyewe, lakini sikuwahi kumwona mtu anayesubiri namna ile, kama mtoto na kama hakimu kwa wakati mmoja. Gilasi ikawa nyeusi. Pembe moja ya mdomo wake ikasogea, basi. Fikri alisahau kusema kata.

Filamu ilitoka siku ya kwanza ya Idi, onyesho la mchana. Ukumbi ulijaa watoto wenye nguo mpya wakitafuna mbegu za maboga. Mikono ilipotokea, kutafuna kulikoma. Mikono ile haikumwaga hata tone. Iliweka gilasi chini, ikajiondoa taratibu, na ukumbi mzima ukakaa umeshika pumzi. Kando yangu Bi Inshirah alihesabu kwa midomo, mkoba mapajani. Gilasi ilipogeuka nyeusi, nilisikia watu mia tano wakishusha pumzi pamoja.

Mwishoni mwandishi mmoja wa gazeti akamuuliza Wagdi jukwaani, "Ustadhi, kwa umri wako, mikono thabiti namna ile. Siri ni nini?"

Angeweza kusema ahsante akashuka. Badala yake akatoa mikono mifukoni, akainyoosha mbele ya watu. Ilikuwa inatetemeka, na kila mtu aliiona.

"Yangu ndiyo hii," akasema. "Ile mliyoiona ni ya Mwalimu Inshirah wa Shubra. Maisha yangu yote nimekuwa mwanasayansi wa uongo. Safari hii nilisimama karibu na wa kweli. Inuka, mwalimu, wakuone."

Bi Inshirah alikataa, mpaka nikamsukuma. Akainuka na mkoba wake. Sauti ya msichana ikatoka nyuma: "Mama, kumbe yule kichaa ni mwalimu wangu." Watu walicheka na kupiga makofi kwa pamoja, na Wagdi naye alipiga, mikono yake ikikosana hewani, wala hakuificha.

Jina la Bi Inshirah halikuwamo kwenye bango. Kesho yake nilikwenda na rangi zangu nikaliandika chini ya la Wagdi, herufi kubwa zile zile. Mwenye sinema alitoka, akasoma, akarudi ndani. Lilikaa pale majuma matano.

Studio haikumpa Wagdi filamu nyingine. Redio ikamchukua, maana redio inataka sauti tu, na miaka sita mfululizo alikuwa mwendawazimu wa michezo yake ya kila Ramadhani. Baada ya kufuturu, Bi Inshirah alikuwa akisogeza kiti karibu na redio na kuwanyamazisha wageni.